Replika si feki: maneno tunayozibandika ndege za filamu

Ndege ya zamani ya filamu ikifukuliwa tu kwenye ghala huko Ulaya au Marekani, picha zake husambaa na maelezo huwa yaleyale: "Yapatikana ndege feki ya vita." Wa kwanza kuchangia huandika, "Kumbe replika tu." Wa pili huiita nakala, wa tatu bandia, na wote hao wanadhani wamesema jambo moja.

Tuimalize maana yenyewe kwanza. Replika ya ndege vita ni ndege, au umbo la ndege, lililoundwa baadaye kwa kufuata ile ya awali, ama kwa sababu ya awali imekwisha duniani, ama bei yake haishikiki, ama hakuna mwenye akili atakayekubali ilipuliwe. Ya filamu huundwa iiridhishe kamera. Nyingine huruka, nyingine hutambaa uwanjani kwa kiinjini kidogo, nyingine husimama zikingoja baruti. Basi. Kinachokera ni majirani wa neno hili.

Replika tumeipata kwa Waingereza, nao waliichukua kwa Waitaliano, na mzizi wake ni wa Kilatini: replicare, kukunja tena, kurudia. Mpaka leo Mwitaliano huita replica kipindi cha televisheni kinachorudiwa. Katika uchoraji na uchongaji neno lilikuwa na sharti kali: replika ni kazi iliyorudiwa na fundi yuleyule aliyetengeneza ya kwanza, au na karakana yake. Akiiga mwingine, hiyo ni kopi, hata iwe nzuri vipi. Kwa sharti hilo replika ya Spitfire, ndege ya kivita ya Kiingereza, ingepaswa kutoka kwa Supermarine wenyewe walioiunda, na karibu kila ndege ya filamu tunayoiita replika ingeanguka mtihani. Sharti lililegea zamani, hakuna haja ya kuligombania. Ila ijulikane kwamba neno lilianza na heshima yake. Ile "tu" ya "replika tu" tumeiongeza sisi.

Nakala nayo imetoka kwenye Kiarabu, naqala, kuhamisha. Wenye jamaa Muscat au Dubai watakuwa wamekutana na naql kwenye mambo ya uchukuzi. Nakala ya hati imehamisha kila neno lililokuwa kwenye hati. Ndege ya filamu haihamishi kila kitu. Huhamisha sura, na pengine sura ya ubavu mmoja tu, ule uliotazamana na kamera. Kuiita nakala ni kuisifu kuliko inavyostahili.

Ghushi, na feki iliyokuja kuishi nayo nyumba moja, ni kesi nyingine kabisa. Asili yake ni ghish, udanganyifu: anayetia maji kwenye maziwa akayauza kama maziwa ameghushi. Kitu huwa ghushi kwa nia ya kumlaghai anayekipokea. Mtazamaji wa filamu hakulaghaiwa; alikata tiketi kwa hiari yake adanganywe saa mbili. Anayelaghaiwa ni mnunuzi anayeuziwa bodi ya faibaglasi iliyogongewa kibati cha namba cha ndege iliyoanguka mwaka 1940. Hapo feki lina kazi yake, na lisitolewe nje ya hapo.

Limebaki bandia, neno lililodhulumiwa kuliko yote. Kamusi za zamani zinasema bandia ni mwanasesere wa matambara, mtoto wa bandia. Hajatokea aliyemshtaki binti wa miaka mitano kwa kughushi mtoto. Meno ya bandia yanatafuna, mguu wa bandia unapanda ngazi, na hakuna anayeona haya kuvitaja. Ni habari za noti bandia na dawa bandia zilizolikokota neno hili mpaka kituo cha polisi. Likirudishiwa maana yake ya awali, linaifaa ndege ya filamu kuliko replika yenyewe: kitu kilichoundwa kishike nafasi ya kingine, kila mtu akijua.

Sasa, chini ya neno hilo moja, replika, hukusanywa mambo manne yasiyofanana.

Kuna zilizoundwa upya tangu mbao na bomba la kwanza. Kwa ajili ya filamu ya The Blue Max (1966) zilijengwa ndege za kivita za Kijerumani: Fokker D.VII nchini Ufaransa na Pfalz D.III mbili Uingereza, zote za kuruka, zikabaki Ireland zikitumika kwenye filamu nyingine za Vita Kuu ya Kwanza. Pfalz D.III halisi, nzima, haipo tena duniani. Anayetaka kuona jinsi mwili wake ulivyokaa angani hana pa kwenda ila kwa hizo za filamu. Mojawapo iko makumbusho ya Omaka, New Zealand. Hiyo ndiyo wanayoiita "tu".

Kuna zilizovikwa. Tora! Tora! Tora! (1970) ilihitaji kundi zima la ndege za Kijapani. Mafundi walichukua ndege za mafunzo za Amerika Kaskazini, T-6 (Waingereza na Wakanada huiita Harvard) na Vultee BT-13, wakazikata na kuzishonea sura mpya. Harvard ikawa Zero, ndege ya kivita ya Kijapani: kioo cha juu kikafupishwa, ncha za mabawa zikafanywa mviringo. T-6 nyingine zikarefushwa mwili na kupewa mkia wa BT-13, zikawa Kate, ndege ya kudondosha topido. BT-13 yenyewe ikawa Val, ndege ya kudondosha mabomu, na uchaguzi huo ulikuwa wa werevu, maana Val halisi ilikuwa na magurudumu yasiyokunjika, na ya BT-13 hayakunjiki pia. Kuitambua Zero ya namna hii, hesabu silinda. Injini ya Harvard ina 9 kwa safu moja. Injini ya Zero halisi, Sakae, ina 14 kwa safu mbili. Kisha simama chini ya bawa: ukingo wa mbele wa bawa la Harvard unalala nyuma kuliko wa Zero. Na hiyo Harvard si mgeni kwetu. Mwaka 1953 ndege za aina hiyohiyo za jeshi la Uingereza zilidondosha mabomu ya ratili 20 kwenye misitu ya Aberdare wakati wa Mau Mau. Chini ya nguo za Kijapani kuna ndege yenye historia yake.

Kuna binamu. Messerschmitt Bf 109, ndege za kivita za Kijerumani, kwenye filamu ya Battle of Britain (1969) ni Hispano Buchón, zilizoundwa Seville kwa leseni ya Messerschmitt na kufungwa injini ya Rolls-Royce Merlin, ileile ya adui yake Spitfire. Kuziita replika ni kosa la nasaba. Kuzitofautisha ni rahisi: injini ya Bf 109 ya Kijerumani imelala kichwa chini, kwa hiyo mabomba ya moshi yako chini ubavuni, Merlin husimama wima, mabomba yako juu, na pua imevimba kidevuni. Kwa uvimbe huo Wahispania wakaiita buchón, njiwa wa kifua kikubwa. Panga za propela yake ni nne, za Bf 109 tatu.

Pembeni kidogo ya binamu kuna waigizaji: ndege halisi inayocheza nafasi ya ndege nyingine. Ile ndege ndogo ya njano, Moth, ya filamu ya Out of Africa, yenye usajili G-AAMY, ni ya kweli, imeundwa Marekani mwaka 1929. Ila si ya Denys Finch Hatton, Mwingereza anayesimuliwa kwenye filamu hiyo. Yake ilikuwa G-ABAK, na iliishia Voi mwaka 1931 pamoja naye.

Mwisho ni sanamu: miili ya faibaglasi na mbao isiyoruka, kama iliyotengenezwa kwa Battle of Britain ijaze viwanja na kulipuliwa. Kadhaa zilinusurika, na baadhi ziko makumbusho ya Hawkinge, Kent. Uingereza huzipa namba za orodha ya BAPC, baraza la uhifadhi wa ndege za zamani, kwa vile hazikuwahi kusajiliwa kama ndege.

Sanamu ndizo zinazookotwa zaidi, na ndizo zinazouawa na waokoaji wao. Aliyeaminishwa amepata feki huitupa. Aliyeaminishwa amepata nakala mbovu huisahihisha, na kusahihisha ndiko kunakofuta zaidi. Ukiikuta, siku ya kwanza ni ya kamera na daftari. Usioshe. Rangi ya filamu mara nyingi ni ya maji, imepakwa haraka juu ya rangi ya filamu iliyotangulia, na mpira wa maji utaondoa alama zote kwa dakika kumi. Jaribu kwanza kwa pamba yenye unyevu mahali pasipoonekana. Ikibidi kupaka upya, acha dirisha la sentimita 10 kwa 10 lenye matabaka yote ya zamani.

Usiinyanyue kwa ncha za mabawa. Bawa la sanamu halikuundwa kubeba hata uzito wake. Hukatika pale boliti zinapoliunga na mwili, na hapo ndipo maji yalipokuwa yakiingia miaka yote. Pitisha mikanda mipana chini ya fremu za mwili, mabawa yafunguliwe kwanza. Faibaglasi yenyewe haiozi. Kinachooza ni plaiwudi iliyofungiwa ndani yake: maji hupenya kwenye nyufa nyembamba kama unywele na matundu ya boliti, yasipate pa kutokea. Gonga kwa sarafu kila baada ya sentimita tano. Mlio mkali, pazima. Mlio wa kibuyu kilichooza, gundi imeachia. Kipimo cha unyevu kikizidi asilimia 20 kwenye mbao, kuvu wana chakula. Toboa tundu la milimita 6 hadi 8 sehemu ya chini kabisa ya kila chumba, liandike daftarini, kisha acha feni ya hewa baridi ifanye kazi kwa wiki kadhaa. Hita hukausha haraka, plaiwudi ikajikunja na kupasua ganda. Turubai la plastiki lililobana mwili ni baya kuliko kuiacha wazi chini ya paa, kwa sababu jasho la usiku linabaki ndani.

Dashibodi ina hatari yake. Kwa picha za karibu watengenezaji walipenda kufunga mita halisi kutoka mabaki ya jeshi, na nyingi zilipakwa rangi ya radiamu, madini yenye mionzi, ili zing'ae usiku. Kutong'aa leo hakumaanishi zimekufa: kilichochoka ni unga unaong'aa, radiamu yenyewe hupungua nusu kwa miaka 1,600 hivi. Pima kwa kifaa cha Geiger, usifungue kioo, usikwangue. Kwa zilizovikwa kama Harvard, usipige msasa mkavu kwenye rangi ya msingi ya kijani-njano. Ina kromati, na vumbi lake ni sumu.

Na yale matundu manne yaliyopangika juu ya bawa, ambayo kila mtu ana hamu ya kuyaziba kwa puti, yaache. Huenda kilifungwa kishikio cha kamera hapo. Herufi zilizoandikwa vibaya ubavuni ziache pia, na ubavu ambao haukumaliziwa usiumalizie. Ndivyo ilivyosimama siku kamera ilipowaka, na kwa filamu hiyo yenyewe ndiyo ya awali.

Picha nyingine ikisambaa, kwa hiyo, si lazima kumfokea aliyeandika feki. Inatosha kuweka chini yake: "Harvard iliyovikwa Zero, 1970," au "Buchón, binamu wa Messerschmitt," au "sanamu ya faibaglasi, hairuki." Akitaka neno moja tu la kuzifunika zote, mwambie bandia, ile ya mtoto wa bandia.