Asiyewahi kukopa si lazima apewe mkopo haraka

Pemba, kama Unguja, tumelelewa tukiamini kwamba asiyedaiwa na mtu ndiye mwaminifu kuliko wote, na kwamba siku akienda kuomba mkopo hatokataliwa. Heshima yake ni ya kweli. Lakini mfumo wa kompyuta unaopima wakopaji hauioni.

Tazama daftari la madeni la mwenye duka wa Chake Chake: jina, kilo mbili za mchele, tarehe, kisha mstari wa kulikata deni lilipolipwa. Mstari ule ndio ushahidi. Ambaye hajawahi kukopa hana ukurasa humo. Mwenye duka atamkopesha kwa kuwa anamjua yeye na wazee wake. Kompyuta haina jirani. Inatafuta madeni yaliyolipwa kwa wakati, yaliyochelewa, na kiasi anachodaiwa mtu sasa. Alama za FICO, namba zinazotumika Marekani kupima wakopaji, zilizoanza 1989 na zinazokwenda kutoka 300 hadi 850, hutazama zaidi mambo hayo hayo, na asiye na historia yoyote hapewi alama.

Basi mtu huyo hajaonekana mbaya, hajaonekana kabisa. Na hapa nawasihi maofisa wa mikopo: mfumo huu ni wa kusaidia uamuzi tu. Mkulima wa karafuu hupata fedha kwa msimu, si kila mwezi, na risiti zake za mauzo zinasema mengi. Ziombwe, zisomwe, zitiwe kwenye hesabu kabla hajaambiwa hapana.