Miaka Kazini Haimfanyi Daktari Kuwa Bingwa

Nimeisikia tena kauli ile ile, safari hii kutoka kwa ndugu wa mama mjamzito aliyeandikiwa rufaa akiwa Ileje: kwamba hapakuwa na sababu ya kumsafirisha hadi Mbeya kumtafuta daktari bingwa, kwa kuwa kule wilayani yupo mzee mmoja aliyepasua watu kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo amekwisha kuwa bingwa. Kauli hiyo naisikia pia kwa watendaji wanaopanga ikama, yaani idadi ya watumishi, za hospitali, na hata kwa viongozi wanaomwambia daktari kijana anayeomba ruhusa ya masomo kwamba abaki tu kazini, kwani uzoefu utamfikisha huko huko. Nafanya kazi katika fani ya magonjwa ya wanawake na uzazi, na nimeona imani hii ikichelewesha rufaa ambazo hazikupaswa kuchelewa hata kwa saa moja.

Niieleze ngazi yenyewe kwa haraka. Shahada ya kwanza ya udaktari huchukua miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali, yaani kazi ya mazoezi hospitalini chini ya usimamizi, kisha usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Daktari aliyefika hapo anaruhusiwa kutibu, kupasua na kuandika dawa, lakini si bingwa wa kitu chochote, hata akikaa hapo hadi anastaafu. Ubingwa huanza na mafunzo mengine: shahada ya umahiri katika tiba, ambayo wengi wetu tunaiita MMed, kwa miaka mitatu au minne kutegemea chuo na fani, au, kwa fani za upasuaji, njia ya COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha. COSECSA hakina madarasa. Daktari hufundishwa ndani ya hospitali iliyokaguliwa na kuidhinishwa, hufanya mtihani wa uanachama baada ya miaka miwili ya msingi, kisha huendelea kwa takriban miaka mitatu zaidi hadi mtihani wa mwisho, mbele ya watahini waliotoka nchi mbalimbali. Ubobezi, yaani figo, moyo, saratani za wanawake na mengineyo, huja juu ya hapo, kwa kawaida kwa miaka miwili.

PhD si ubingwa; ni jambo jingine kabisa, nayo ni shahada ya utafiti. Profesa ni cheo cha chuo kikuu. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili na asiwe daktari wa binadamu, na wapo mabingwa hodari wasio na kimojawapo. Sitalirudia hili.

Ninalotaka kukaa nalo ni swali la kwa nini miaka haitoshi, kwa sababu wanaoniuliza hudhani natetea cheti. Chukua mama ambaye amekwisha kujifungua mara mbili kwa upasuaji, sasa ana mimba ya tatu, na kondo la nyuma limekaa chini, juu ya mlango wa kizazi. Kondo hilo linaweza kuota ndani ya kovu la zamani na kushikana na msuli wa kizazi, wakati mwingine hadi kwenye kibofu cha mkojo. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulionyesha kwamba kwa mwanamke mwenye kondo lililotangulia namna hiyo, uwezekano wa kondo kushikana na kizazi ni kama asilimia 3 anapofanyiwa upasuaji wa kwanza, asilimia 11 wa pili, na asilimia 40 wa tatu. Mama wetu anakuja kwa upasuaji wake wa tatu.

Mpasuaji aliyefanya upasuaji wa uzazi mara elfu moja, wote wa kawaida, ana mkono mwepesi na hana hofu ya damu. Lakini mkono ule ule umezoea hatua moja: mtoto akishatoka, kondo linavutwa. Kwa mama huyu, hatua hiyo ndiyo inayoua, kwa sababu kondo lililoshikana likilazimishwa kutoka, kizazi hutokwa na damu kwa kasi ambayo hospitali ya wilaya haiwezi kuifidia kwa chupa mbili za damu zilizomo kwenye jokofu. Anachopaswa kukijua mpasuaji ni kulishuku jambo hili kabla hajashika kisu, kuisoma picha ya ultrasaundi kwa jicho la mtu anayetafuta kitu, kuandaa damu ya kutosha, kumwita bingwa wa usingizi na pengine wa njia ya mkojo, kuchana kizazi mbali na kondo, kumtoa mtoto, na kuliacha kondo mahali pake huku akiondoa kizazi chote. Mambo hayo hayaji yenyewe kwa kurudia upasuaji wa kawaida. Katika hospitali ya wilaya mtu anaweza kukaa muda mrefu bila kukutana na mgonjwa wa namna hii, na siku akimpata, hakuna aliye nyuma yake wa kumshika mkono.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, pamoja na kitengo chake cha wazazi cha Meta, hupokea wagonjwa kutoka Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe, Iringa na Ruvuma pamoja na mkoa wenyewe, kwa hiyo kilicho nadra wilayani hukusanyika mahali pamoja. Ndiyo maana mafunzo ya ubingwa hufanyika katika hospitali kubwa, wala si kwa sababu mabingwa wanapenda miji. Anayesomea ubingwa huwekwa mahali ambapo matatizo adimu yanapita mbele yake mara kwa mara, na kila uamuzi wake unaulizwa na mtu aliyemtangulia: kwa nini umempasua saa hii na si jana, kwa nini hukumpasua kabisa, kwa nini uliacha mshono ule. Mgonjwa akifariki, jalada lake hufunguliwa mbele ya madaktari wengine. Miaka ishirini bila mtu wa kuuliza maswali hayo inaweza kuwa mwaka mmoja uliorudiwa mara ishirini, na mwenyewe asijue, kwa kuwa mgonjwa aliyekwenda kufia kwingine hakurudi kumwambia.

Hapa ni lazima niwe mkweli kuhusu upande wa pili, maana mabingwa wenzangu huukwepa. Kwa miongo mingi upasuaji mkubwa katika hospitali za wilaya nchini ulibebwa na madaktari wasaidizi, watu walioanza wakiwa matabibu, wenye stashahada na si shahada ya udaktari, na kuongezewa mafunzo ya miaka miwili. Utafiti uliofanyika Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009 haukukuta tofauti ya maana kati ya matokeo ya upasuaji wao wa dharura za uzazi na wa madaktari wenye shahada. Msumbiji walipata matokeo yanayofanana walipowalinganisha madaktari wasaidizi na mabingwa jijini Maputo. Kwa hiyo mtu asinisikie nikisema kwamba asiye bingwa hajui kupasua. Kwa upasuaji wa kawaida wa kumwokoa mama na mtoto usiku wa manane, mkono wa mzee yule wa wilayani unaweza kuwa salama kuliko wa bingwa aliyehitimu mwezi uliopita, na hilo nalisema nikilimaanisha. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kuutwaa uhodari huo katika kazi moja na kuugeuza leseni ya kazi nyingine.

Nina mashaka pia juu ya namna tunavyofundisha. MMed ni shahada ya chuo kikuu, kwa hiyo inadai tasnifu, na nimewaona madaktari wakiutoa mwaka wao wa mwisho kwenye takwimu wakati walistahili kuwa chumba cha upasuaji. Utafiti unamfunza daktari kuisoma makala bila kudanganywa, na hilo ni muhimu, lakini sina hakika kwamba kila mpasuaji anahitaji kuandika kurasa zote zile ili alipate. Mtihani nao hupima vizuri anachokijua mtu na jinsi anavyofikiri mbele ya watahini, lakini kwa kiasi kidogo mno hupima mikono yake saa tisa ya usiku. Daftari la kazi linaonyesha idadi ya upasuaji aliofanya, na idadi haisemi ni mara ngapi msimamizi alimnyang'anya kisu. Tena ubingwa huchakaa: bingwa asiyesoma wala kukaa na wenzake anarudi nyuma, ndiyo sababu Baraza hudai mafunzo endelevu kabla ya kuhuisha leseni.

Jambo moja la wagonjwa, kwa kuwa nalo linatokana na imani ile ile. Daktari anayesomea ubingwa anapomkaribia mgonjwa wodini, ndugu husema hawataki mwanafunzi, wamtakaye ni mzee. Huyo mnayemwita mwanafunzi ni daktari kamili aliyesajiliwa, mara nyingi mwenye miaka kadhaa ya kazi wilayani, na nyuma yake yupo bingwa anayewajibika kwa kila anachofanya. Ni haki yenu kuuliza bingwa huyo ni nani na kama ameuona mgonjwa wenu. Ulizeni pia ni bingwa wa fani gani, kwa sababu bingwa wa mifupa hana zaidi ya daktari wa kawaida mbele ya kondo lililoshikana, kama nami nisivyokuwa na la kumfaa aliyevunjika nyonga.

Na kwa mama mwenye makovu mawili ya upasuaji, popote alipo kati ya Kyela na Makete: ultrasaundi ikionyesha kondo limekaa chini, aulize waziwazi kama imeangaliwa iwapo limeota kwenye kovu. Kama jibu ni hapana, au ni la kusitasita, rufaa iandikwe kabla uchungu haujaanza, aondoke na picha na majibu yake yakiwa yameandikwa, pamoja na ndugu wawili watatu walio tayari kuchangia damu, na akae karibu na hospitali ya rufaa hadi siku ya upasuaji aliyopangiwa.