Kukloni diski si kunakili mafaili

"Nimeshakloni kompyuta, mbona haiwaki kwa diski hii ya nje?" Swali hili halikauki kwa mafundi wa Kampala, na ukiifungua diski yenyewe unakuta folda za Windows na Users zilizoburutwa kwa mausi usiku kucha. Hapo hakuna kloni. Kuna nakala ya mafaili.

Kukloni ni kuhamisha diski nzima kama ilivyo: jedwali la patisheni (sehemu ambazo diski imegawanywa), patisheni ya EFI yenye mafaili ya kuwashia kompyuta, mfumo endeshi, hadi namba za utambulisho.

Neno lenyewe limetoka shambani. Mwaka 1903 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Herbert Webber, alilichukua kwenye Kigiriki, ambako lina maana ya kijiti au tawi changa, akalitumia kuliita kundi la mimea iliyozalishwa kutokana na mmea mmoja bila mbegu. Uganda jambo hili tunalijua kwa mikono. Matooke, ndizi zetu za kupika, hayana mbegu. Mkulima wa Masaka anang'oa chipukizi ubavuni mwa mgomba, analipanda kwingine, na kinachoota ni mgomba uleule. Ukikata mkungu ukaujaza kwenye gunia, una chakula, lakini huna mgomba. Mafaili ni ndizi. Mizizi ni ile patisheni ya EFI, mara nyingi MB 100 tu, ambayo Windows haiipi herufi, kwa hiyo anayeburuta folda haioni kabisa. Na kama mnyauko wa bakteria, ugonjwa wa migomba ulioonekana Uganda mwaka 2001, unavyosafiri ndani ya machipukizi, ndivyo kloni inavyobeba virusi na mafaili mabovu ya diski mama.

Imeji nayo ni kitu kingine: diski nzima iliyofungwa ndani ya faili moja. Haiwashi kompyuta mpaka ifunguliwe juu ya diski nyingine.

Kwenye Linux amri ni hii, ukiwa umewasha kwa flashi nyingine:

dd if=/dev/sda of=/dev/sdb bs=4M conv=fsync status=progress

Hapo if ni diski ya kunakiliwa, of ni diski pokezi. Hakikisha majina yake kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, kwanza. Ukigeuza if na of umefuta diski ya mteja. Diski pokezi isiwe ndogo hata kwa sekta moja. GB 500 kwa USB 2.0, takribani MB 35 kwa sekunde, ni saa nne hivi, kwa hiyo usianze bila betri au UPS; umeme ukikatika katikati unabaki na nusu diski.

Kloni halali nayo huweza kugoma. Orodha ya kuwashia hukaa kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta; haimo ndani ya diski, hivyo haiklonishwi. Kwa diski ya nje mazabodi hutafuta faili \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI, lisipokuwepo, diski inarukwa. Windows ya kawaida nayo haikuundwa kuishi kwenye USB: mara nyingi nembo inatokea, kisha skrini ya hitilafu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kloni hiyohiyo ukiifunga ndani ya kompyuta huenda ikawaka vizuri.

Linalodanganya wengi zaidi ni UUID, yaani ile namba ya utambulisho. Kloni ina namba ileile ya diski mama. Zote mbili zikiwa zimechomekwa, Linux inaweza kuanzia kwenye USB kisha ikaendelea na diski ya ndani, nawe ukashangilia. Windows ikikuta namba mbili zinazofanana huiweka diski moja nje ya mtandao, yaani inaizima isitumike.

Kwa hiyo, ndugu fundi, ukiwa umehamisha nyaraka na picha, mwambie mteja "nimenakili mafaili yako." Ni kazi ya maana, na mara nyingi ndiyo pekee aliyoihitaji. Ukisema "nimekloni," iwe umezima kompyuta, umechomoa diski ya ndani, umewasha kwa ile ya nje, na yeye mwenyewe ameingiza neno lake la siri akaona dawati lake.