Riwaya za kisayansi si ramli, na vitabu vya sayansi si msahafu

Wapenzi wa riwaya za kisayansi na wapenzi wa vitabu vya sayansi hawaishi kubishana, na mara nyingi wanachobishania hakina msingi. Nianze na dhana inayonichosha kuliko zote.

Dhana: Waandishi wa riwaya hizi hutabiri yajayo

Atakayetajwa kwanza ni Arthur C. Clarke na setilaiti za mawasiliano. Ni kweli, Oktoba 1945 alieleza jinsi setilaiti tatu juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 35,800 kutoka ardhini, zingeweza kurusha matangazo dunia nzima. Kwenye kimo hicho setilaiti huenda sambamba na mzunguko wa dunia, kwa hiyo ukiwa chini utadhani imesimama. Ndiyo sababu fundi akishalielekeza dishi lako na kukaza boliti, haliguswi tena mpaka upepo ulisogeze.

Ila Clarke hakuyaandika hayo katika riwaya. Ilikuwa makala ya kiufundi kwenye jarida la Wireless World, yenye hesabu zake, na mwandishi mwenyewe alikuwa ofisa wa rada katika jeshi la anga la Uingereza. Njia hiyo ya angani nayo ilikwisha kuelezwa na mhandisi Hermann Potočnik mwishoni mwa miaka ya 1920. Isitoshe, Clarke aliamini vituo hivyo vitakaliwa na watu, wakipokezana zamu kwa roketi. Setilaiti ya Syncom 3, iliyorusha michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, haikuwa na mtu ndani. Sisi wasomaji tunashika pale mwandishi alipopatia na kusahau alipokosea. Mpiga ramli naye hupata sifa kwa mtindo huohuo.

Dhana: Ni uongo mtupu, mwanasayansi hana cha kuokota humo

Hapa sikubali hata kidogo. Mwanaastronomia Carl Sagan alipokuwa akiandika riwaya yake ya Contact, iliyotoka 1985, alitaka mhusika wake Ellie Arroway afike kwenye nyota ya Vega, ambayo hata mwanga huchukua miaka 25 kuifikia. Akampitisha kwenye shimo jeusi, yaani mahali angani penye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauponyoki. Kabla ya kuchapisha, akamwomba rafiki yake Kip Thorne, mwanafizikia, aupitie mswada. Thorne akaona haiwezekani, shimo jeusi lingemmaliza huyo mama. Akakaa na hesabu zake, akaja na handaki linalounganisha pande mbili za anga, ambalo lingebaki wazi iwapo tu lingeshikiliwa na maada ya ajabu yenye nishati hasi.

Ombi la mtunzi wa hadithi likawa utafiti: mwaka 1988 Thorne na mwanafunzi wake Michael Morris walichapisha makala kuhusu mahandaki hayo katika jarida la fizikia. Hakuna aliyewahi kuliona hata moja, na huenda hayapo kabisa. Lakini Thorne huyu si mtu wa mchezo. Ni yuleyule aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017 kwa kugundua mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga lenyewe.

Dhana nyingine ni ndogo. Frankenstein si jina la lile jitu. Ni la mwanafunzi aliyeliunda, na jitu lenyewe Mary Shelley hakulipa jina katika riwaya yake ya 1818. Na ile dhoruba ya Mirihi inayofungua riwaya ya The Martian, ya Andy Weir, haiwezekani, kwa kuwa kanieneo ya hewa kule haifiki hata asilimia 1 ya hii yetu. Weir analijua hilo na amelikiri. Alihitaji kisa kianze.

Dhana: Kitabu cha bingwa hakichakai

Kitabu cha mwanafizikia Stephen Hawking cha mwaka 1988 kuhusu historia ya wakati bado kinauzwa kama cha jana. Aliambiwa kila mlinganyo utapunguza wanunuzi kwa nusu, akabakiza mmoja tu, E=mc². Watu wakadhani basi ni chepesi, wakakwama sura za katikati. Nakipenda, ila angalia mwaka. Ushahidi kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza kasi ulitoka 1998. Sayari ya kwanza kugunduliwa ikizunguka nyota inayofanana na Jua letu ilitangazwa 1995. Toleo lile la kwanza lisingeweza kuwa na hayo. Kwa vitabu vya namna hii mimi hutazama mwaka wa toleo kabla ya jalada.

Dhana: Haya ni mambo ya Wazungu

Anayesema hivi hajamsoma Katama Mkangi. Katika Walenisi, ya mwaka 1995, Dzombo anahukumiwa na kurushwa angani katika chombo, anafika sayari nyingine na kukuta jamii isiyo na dhuluma alizoziacha nyumbani. Walimu huifundisha kama riwaya ya siasa, nao hawajakosea, ila chombo cha angani kipo palepale. Mkenya mwingine, Wanuri Kahiu, alitoa filamu fupi ya Pumzi mwaka 2009: vita vya maji vimekwisha, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na hata jasho na mkojo husafishwa vinywewe tena. Anayeishi kwa maji ya madumu hatahitaji kufafanuliwa.