Sumaku Zinazounga Umio wa Mtoto Mchanga

Wapo watoto wanaozaliwa umio wao, yaani njia ya chakula kutoka mdomoni hadi tumboni, ukiwa umekatika: kipande cha juu kimeziba kifuani, na cha chini hakifiki kukutana nacho. Maziwa hayana pa kupita. Tiba iliyozoeleka ni kufungua kifua na kushona ncha hizo. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kifaa cha sumaku kwa watoto wasiozidi umri wa mwaka 1 ambao pengo lao halifiki sentimita 4.

Katheta, yaani mrija mwembamba, moja yenye sumaku hupitishwa mdomoni hadi mwisho wa kipande cha juu. Nyingine huingizwa kupitia tundu la kulishia lililotobolewa tumboni, ikapanda hadi kipande cha chini. Sumaku huvutana, na picha za eksirei huonyesha kama zinatazamana sawasawa na pengo limebaki kiasi gani.

Zikishagusana, nyama iliyobanwa katikati hukosa damu na kufa polepole, huku kingo zake zenye damu zikishikana. Nyama ikifa kabla kingo hazijashikana, mahali palipoungwa huvuja ndani ya kifua, na hiyo ni hatari kubwa. Njia ikishafunguka, katheta hutolewa na mrija wa kulishia huwekwa.

Kati ya watoto 16 ambao taarifa zao FDA ilizipitia, wote umio uliungana ndani ya siku 3 hadi 10. Lakini 13 walipata kovu lililobana njia, wakahitaji kupanuliwa kwa puto, kuwekewa stenti (kijibomba cha kushikilia njia wazi), au vyote viwili. Mzazi asiyeambiwa habari ya hao 13 hajaelezwa vya kutosha. Aidha, watoto wengi wenye tatizo hili wana tundu kati ya umio na bomba la hewa. Hao hawawekewi sumaku mpaka tundu lizibwe.

Nguvu hiyohiyo ya sumaku hujeruhi nyumbani. Mtoto akimeza sumaku mbili, au sumaku na kipande cha chuma, vitu hivyo huvutana, vikabana kuta za utumbo na kuzitoboa, na dalili za mwanzo hufanana na maumivu ya kawaida ya tumbo. Usimtapishe wala usisubiri zitoke kwa haja kubwa. Mpeleke hospitali yenye eksirei siku hiyohiyo, useme wazi kwamba amemeza sumaku, ili asiingizwe kwenye mashine ya MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku yenye nguvu.