Umetolewa goita, hukutolewa kizazi

Kila inapokaribia tarehe 25 Mei, Siku ya Tezi ya Thairoidi Duniani, watu wengi hapa Moshi hutuuliza kliniki kuhusu goita, yaani uvimbe wa tezi hiyo iliyo shingoni. Akina mama waliokwisha kupasuliwa huwa na swali lao: tangu watolewe tezi, siku zao zimevurugika, je, watazaa?

Wengi huzaa. Upasuaji wa shingo haugusi mfuko wa uzazi wala ovari. Inayoondoka ni tezi iliyokuwa ikitengeneza homoni, na homoni hiyo sasa inatoka kwenye kidonge cha levothairoksini, ambacho aliyetolewa tezi yote hukimeza maisha yake yote. Kipimo cha kidonge hicho kikiwa kidogo, yai linaweza lisipevuke, mzunguko ukapoteza mpangilio, na damu ikatoka nyingi kwa siku nyingi. Kikizidi, damu huwa kidogo au mwezi ukapita bila hedhi. Mwezi wa kwanza au wa pili baada ya upasuaji hedhi inaweza kuchelewa kwa sababu mwili bado unajiuguza. Ikiendelea kuvurugika baada ya hapo, njoo upimwe damu. Aliyetolewa upande mmoja tu huenda asihitaji dawa, lakini naye lazima apimwe.

Naomba tuelewane hapa, maana tumelisema mara nyingi. Damu nyingi ya hedhi si uchafu wa ugonjwa unaotoka. Ni damu yako, na ikiisha unapungukiwa. Na chumvi yenye madini joto haiwezi kushika nafasi ya kidonge, kwa kuwa tezi ambayo ingeyatumia madini hayo haipo tena. Endelea kuila kwa ajili yako na ya mtoto utakayembeba, lakini kidonge usikiache.

Linalotusumbua zaidi ni hili. Mama anatokwa damu nyingi, anapimwa, anakutwa amepungukiwa, anapewa vidonge vya kuongeza damu. Anavimeza asubuhi pamoja na levothairoksini ili asisahau. Madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge vya damu yanaikamata ile homoni tumboni, inayofika kwenye damu inakuwa pungufu, hedhi inazidi kuwa nzito, anaongezewa vidonge vya damu. Anazunguka hivyo miezi kadhaa, na nyumbani mama mkwe ameshaanza kuuliza mjukuu yuko wapi. Hakuna aliyemkosea kwa makusudi. Hakuna tu aliyemwambia aviachanishe.

Utaratibu ni huu. Levothairoksini imezwe asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha usubiri dakika 30 hadi 60 kabla ya kunywa au kula chochote. Kahawa yetu, chai ya maziwa na uji wa lishe wenye soya vyote vinasubiri. Vidonge vya damu na vya kalsiamu vikae mbali kwa saa 4. Wengi huvimeza jioni. Ukisikia ganzi au kuchomachoma midomoni na vidoleni siku za baada ya upasuaji, hiyo yaweza kuwa kalsiamu imeshuka: rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kipimo cha dawa kikibadilishwa, damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, si wiki ijayo. TSH, homoni inayopimwa kwenye damu kuonyesha kama dawa inatosha, huchukua muda huo kutulia, na kupima mapema ni kupoteza fedha yako. Siku ya kupima usimeze kidonge kwanza. Njoo nacho, ukimeze ukishatolewa damu. Njoo pia na karatasi ya kuruhusiwa baada ya upasuaji, majibu ya kinyama kilichopimwa maabara na kopo la dawa unayotumia. Anayekuja mikono mitupu kutoka Rombo au Same mara nyingi hulazimika kurudi, na nauli hiyo inatuuma hata sisi.

Unapopanga mimba, tunapenda TSH iwe chini ya 2.5 kwanza. Aliyepewa madini joto yenye mionzi baada ya upasuaji wa saratani asubiri angalau miezi 6. Fahamu pia kwamba homoni ikikaa sawa, uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi kabla hujajipanga, kwa hiyo asiyetaka mtoto sasa atumie uzazi wa mpango.

Hedhi ikikosa na mimba ikaonekana, usiache dawa kwa kuogopa kumdhuru mtoto. Wiki za mwanzo anategemea homoni yako, na ikipungua mimba inaweza kuharibika. Mahitaji huongezeka kwa karibu robo au theluthi, kwa hiyo fika kliniki ndani ya siku chache tukuongezee, kisha tutakupima kila wiki 4 hadi katikati ya ujauzito. Mwambie pia nesi wa kliniki ya wajawazito kwamba ulitolewa tezi, aandike kwenye kadi, kwa sababu vidonge vya damu utapewa tena huko.

Ikiwa TSH iko sawa na damu bado ni nyingi, tezi isisingiziwe. Unahitaji ultrasaundi ya kizazi, na kama mimba ndiyo haishiki, mumeo naye apimwe.