Slipu ya mshahara na cheti cha kodi cha mwaka: yanayosemwa vijiweni Mwanza na yalivyo kweli

Januari ikifika hapa Mwanza kuna maswali yanajirudia kila mwaka, utayasikia kwenye daladala za Buzuruga, kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, hata kwenye geti la viwanda vya samaki zamu zikipishana. Mwaka mzima nimekatwa, pesa ilienda wapi? Karatasi ya mwaka naidai kwa nani? Na kila mtu ana jibu lake, na majibu mengi ni ya kuokota okota, nusu yametoka Kenya, nusu yametoka video za Marekani, mengine katunga tu mtu. Mi kazi yangu ni kukaa na hesabu za mishahara ya watu, so haya nayasikia kila siku, ngoja tuyapitie.

"Karatasi ya mwaka ni mambo ya Wamarekani, Bongo hamna"

Hii ndo naanza nayo maana ndo inayowaumiza watu wengi zaidi. Marekani wana kitu kinaitwa W-2, mwajiri anatakiwa akupe kabla au ifikapo 31 Januari, inaonyesha umelipwa kiasi gani mwaka uliopita na umekatwa kodi kiasi gani. Wakenya wana P9, kazi yake ni ile ile. Sasa watu wanadhani sisi hatuna. Tunayo. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa cheti cha kodi ya zuio, yaani kodi ambayo mwajiri anakukata kwenye mshahara, kinachohusu mwaka wa kalenda mzima, na akupe ifikapo 30 Januari ya mwaka unaofuata. Ukiacha kazi katikati ya mwaka, labda umetoka kiwandani mwezi wa nane umeenda kujaribu bahati Geita, anatakiwa akupe ndani ya siku 30 tangu ulipoacha. Sio fadhila ya HR wala sio lazima uwe meneja.

Ila kiukweli waajiri wengi hawatoi mpaka uombe, na wafanyakazi wengi hawaombi kwa sababu hawajui kama kipo, basi mambo yanaenda hivyo hivyo miaka inapita. Omba kwa maandishi, hata meseji fupi ya kistaarabu inatosha: "Naomba cheti changu cha kodi ya zuio cha mwaka uliopita." Ukiambiwa chukua slipu ya Desemba inatosha, hapana, slipu ya Desemba ni ya Desemba. Siku benki inataka ushahidi wa kipato chako, au unaomba viza, au mwajiri mpya anataka kujua ulishakatwa nini mwaka huo, cheti ndo kinaongea vizuri.

"Lazima nifaili ritani TRA kabla ya 30 Juni la sivyo nipigwe faini"

Hii imevuka ziwa. Ukiwa na ndugu au rafiki Kisumu, mwezi wa sita utamsikia analia na iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa Kenya, maana kule hata kama mwajiri ameshakata kila kitu bado kila mwenye PIN, namba yao ya mlipakodi, lazima afaili ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi, mwenyewe mpaka 30 Juni, akichelewa faini inaanzia shilingi 2,000 za kwao. Sasa presha yake anakuambukiza na wewe wa Ilemela.

Kwetu, kama kipato chako chote ni mshahara wa mwajiri mmoja aliyepo Tanzania na PAYE, kodi ya mshahara, inakatwa humo humo, hutakiwi kufaili ritani yako binafsi ya mapato. Mwajiri anakata, anapeleka, na anaripoti yeye. Lakini kama pembeni una mtumbwi na wavuvi wako, au una fremu Kirumba unauza dagaa, hapo una biashara na hiyo habari ni nyingine kabisa, inahesabiwa kivyake na usijifiche nyuma ya slipu.

Na kwa sababu hiyo hiyo usisubirie "rifandi" kama wale wa Marekani mwezi wa nne. Kule kinachokatwa kwenye mshahara ni makadirio, halafu mtu anafaili mpaka 15 Aprili, hesabu ya mwisho inafanyika, aliyezidisha anarudishiwa na aliyepunguza anaongeza. Kwetu hesabu inafanywa kila mwezi kwa jedwali.

"PAYE wanakata kwenye grosi yote, ndo maana hela haitoshi"

Hapana. Kwanza inatolewa michango yako ya mfuko wa pensheni, kinachobaki ndo kinapigwa kodi, na hicho nacho hakipigwi chote kwa kiwango kimoja. Jedwali la mwezi la Tanzania Bara liko hivi: 270,000 za kwanza hazina kodi kabisa, kutoka hapo mpaka 520,000 ni 8%, kutoka 520,000 mpaka 760,000 ni 20%, kutoka 760,000 mpaka milioni ni 25%, juu ya milioni ni 30%. Kila kipande kina kiwango chake.

Chukua mtu wa laki nane bila posho yoyote, sekta binafsi. Mchango wake wa NSSF, mfuko wa pensheni, 10% ni 80,000. Inabaki 720,000, hiyo ndo inaitwa kipato kinachotozwa kodi. Ile 270,000 ya mwanzo bure, kipande cha 250,000 kinachofuata kwa 8% ni 20,000, kisha 200,000 iliyobaki kwa 20% ni 40,000. Jumla PAYE 60,000. Mkononi inakuja 660,000. Kwa mwaka cheti chake kama hakuna kilichobadilika kinatakiwa kisome grosi 9,600,000, mchango 960,000, kipato cha kodi 8,640,000, kodi 720,000. Namba zikitofautiana na hizo kuna mwezi una jambo, labda ovataimu, labda bonasi, labda kuna mtu alikosea, uliza.

Af kuna dada anatoa minofu ya sangara kiwandani, mshahara laki tatu kamili, anakwambia serikali inamla. Toa NSSF 30,000, inabaki 270,000 kamili, haijazidi ile isiyo na kodi, PAYE yake ni sifuri. Kama slipu yake ina PAYE hapo na hana malipo mengine, kuna kosa na aende nalo ofisini. Kama kinachopungua ni ile 30,000 tu, basi hiyo sio kodi, ni akiba yake.

"Usikubali nyongeza, ukivuka milioni kodi inameza yote"

Nimewasikia watu wazima na digrii zao wakisema hii. Haiwezekani kihesabu, maana ile 30% inagusa tu kile kilichozidi milioni, hairudi nyuma kula vipande vya chini. Aliyekuwa milioni moja na laki moja anatoa NSSF 110,000, kodi yake inakuja 125,500, anaondoka na 864,500. Ongeza elfu hamsini iwe 1,150,000: NSSF 115,000, kodi 138,500, mkononi 896,500. Katika hamsini amepata thelathini na mbili. Inauma ndio, ila ni nyongeza, chukua nyongeza yako.

"Kama slipu inaonyesha NSSF imekatwa, basi imefika"

Hapa naomba mtulie, maana kwa maoni yangu watu wanapiga kelele sana kuhusu PAYE wakati pesa yao kubwa inapotelea huku. Slipu inaonyesha kilichotolewa kwenye mshahara wako. Haionyeshi kilichofika NSSF. Ni vitu viwili tofauti na katikati yao kuna mwajiri.

Na sio 10% yako peke yake. Kwa sekta binafsi mchango wote ni 20%, kwa kawaida nusu wewe nusu mwajiri, na mwajiri anaruhusiwa kubeba zaidi ya nusu lakini wewe huwezi kubebeshwa zaidi ya 10%. Kwa watumishi wa umma walioko PSSSF, mfuko wa pensheni wa umma, ni 5% mtumishi, 15% mwajiri. So yule wa laki nane kila mwezi inatakiwa iingie 160,000 kwa jina lake, mwaka 1,920,000. Miezi mitatu tu isipopelekwa ni 480,000 imekaa sehemu nyingine inazalisha kwa mtu mwingine.

Ubaya wake hauonekani leo. Unaonekana mama akienda kudai fao la uzazi anakuta michango ina mapengo, au mzee anafika kustaafu, anatakiwa awe na michango ya miezi isiyopungua 180 ili apate pensheni ya kila mwezi, anahesabiwa 171 na yeye anajua fika kafanya kazi zaidi ya hapo. Kubishana wakati huo, kampuni labda imeshafungwa, mhasibu kahamia Kahama, slipu zimeliwa na panya, ni kazi ngumu sana. Chungulia taarifa ya michango yako angalau mara moja kila miezi michache, kwenye portali ya wanachama au ofisini kwao na kitambulisho, ulinganishe mwezi kwa mwezi na slipu.

Na jamani NSSF sio kodi, TRA hawahusiki nayo. Ukienda TRA kulalamika kuhusu NSSF utarudishwa tu.

"SDL na WCF nazo ni makato yangu"

Si zako. Tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL) na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi (WCF) vyote anabeba mwajiri juu ya mishahara anayolipa. Ukiona mojawapo imekaa upande wa makato kwenye slipu yako, hapo umebebeshwa mzigo usio wako, peleka swali siku hiyo hiyo.

"Bodi ya mikopo ni kodi ya wasomi"

Ni deni. Mnufaika wa HESLB, hiyo bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, anakatwa 15% ya mshahara wa besiki mpaka deni liishe, na haipunguzi kipato kinachotozwa kodi kama NSSF inavyofanya. Yule yule wa laki nane akiwa na deni la bodi inatoka 120,000 nyingine, mkononi inabaki 540,000. Ndo maana wawili wa daraja moja, ofisi moja, mmoja anapanda boda mwingine anatembea kwa miguu kutoka Nyegezi kona. Kitu cha kuangalia ni salio la deni, lishuke kila mwezi, na likiisha makato yakome. Yasipokoma usikae kimya ukidhani mfumo utajishtukia wenyewe.

"Posho haina kodi, we mwambie bosi akuandikie posho"

Posho ya nyumba, ya usafiri wa kila siku, ya simu, ovataimu, bonasi, posho ya likizo, hizi kwa ujumla ni sehemu ya kipato cha ajira na zinaingia kwenye hesabu. Kinachobaki nje ni ile inayorudisha tu gharama uliyotumia kwa ajili ya kazi, mfano umetumwa Ukerewe ukarudishiwa nauli ya meli na malazi. Kubadilisha jina la laini kwenye slipu hakubadilishi kitu.

Kuna ile mbaya zaidi, laki nne benki na laki nne kwenye bahasha. Mnashangilia wote kodi imepungua. Ila NSSF inahesabiwa kwa laki nne, benki inakukopesha kwa laki nne, ukipunguzwa kazi malipo yako yanapigwa kwa laki nne, na ile bahasha hakuna sehemu imeandikwa kwamba ilikuwepo. Anayefaidika zaidi hapo ni bosi.

"Kazi ya pili wamenikata 30%, wameniibia"

Mtu ana ajira ya mchana, jioni anafundisha chuo anaandikwa kama mwajiriwa huko pia. Ajira ya pili inakatwa kwa kiwango cha juu, 30%, kwa sababu ile 270,000 ya bure na vipande vya chini vimeshatumika kwenye ajira ya kwanza. Unatakiwa uwaambie wote wawili ukweli ni ipi ya kwanza, na mwisho wa mwaka utakuwa na vyeti viwili, kimoja kila mwajiri.

"TIN ni ya wafanyabiashara, nikiichukua nitaanza kudaiwa"

TIN ni namba ya mlipakodi. Mwajiriwa anatakiwa kuwa nayo, inatolewa bure kwa namba yako ya NIDA, na ya mwajiriwa husajiliwa kama isiyo ya biashara. Anayekuomba elfu ishirini nje ya ofisi akusaidie ni wa kukwepa.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza kaa chini na slipu zote 12, jumlisha laini tatu tu: grosi, mchango, PAYE. Linganisha na cheti. Kisha fungua taarifa ya NSSF uweke pembeni, mwezi kwa mwezi. Kodi isipolingana anza na mhasibu, mara nyingi ni mwezi mmoja umeingizwa vibaya na anarekebisha, akikuzungusha nenda TRA na nakala. Michango isipolingana nenda NSSF na slipu za miezi inayokosekana, nakala sio orijino, na wakupe kitu chenye muhuri na tarehe kwamba umefika.